Muulize Mama Yako Alikula Nini

Sukari yangu niliijua kwa bahati tu. Februari mwaka huu nilimsindikiza rafiki yangu kliniki mjini Kisii, na kwa kuwa kipimo kilikuwa cha bure siku hiyo, na kwa kuwa sikuwa nimetia kitu tumboni tangu jana yake (sababu zilikuwa za kifedha, si za kidini), nikanyoosha kidole. Kikatoka namba ambayo mhudumu hakuipenda. Akanitoa damu ya mshipa, tukangoja. 6.4. "Bado si kisukari," akasema, "lakini uko mlangoni." Akaniangalia, kilo 52 pamoja na viatu, akaiangalia karatasi tena. Wengi wanaofika mlango huo wana miili mikubwa na miaka mingi. Mimi nina 26.

Halafu akauliza nilizaliwa na kilo ngapi. Sikujua. "Muulize mama yako," akasema. "Na umuulize alikula nini akiwa na mimba yako."

Hiyo sentensi ya pili imenila miezi minne na bando nyingi. Nimesoma vitabu viwili kwa sababu yake, na makala haya yanahusu vitabu hivyo. Cha kwanza ni The Maternal Imprint cha Sarah S. Richardson, kilichotolewa na University of Chicago Press mwaka 2021. Cha pili kilitolewa na mchapishaji huyohuyo miaka 42 kabla yake, hakihusu homoni hata kidogo, na ndicho nitakachowaambia mkitafute. Lakini kwanza tupitie kwa mama.

Mama anaishi upande wa Nyamira, si mbali na Kebirigo, na amechuma chai tangu kabla sijazaliwa. Nilimwambia kuhusu 6.4, nikamwambia nimeulizwa uzito wa kuzaliwa. La chakula sikulitaja. Aliingia chumbani akarudi na mfuko wa nailoni, ile iliyopigwa marufuku, na ndani yake kadi ya kliniki ya 1999 iliyoliwa kingo na mende. Uzito wa mtoto: 2.1. Mwezi wa sita, kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka: malaria. Mwezi wa saba: malaria tena.

Wenzangu wa milima hii mnaijua hadithi hii hata kama hamjasimuliwa. Miaka ya mwisho ya tisini malaria ilikuwa ikiupanda mlima wa Gusii kila baada ya mvua ndefu, ikiwakuta watu wasio na kinga kama ya watu wa ziwani. Klorokwini ilikuwa imeshindwa. Serikali iliiondoa kama dawa ya kwanza mwaka 1998, lakini kwenye duka la kijijini kwetu iliendelea kuuzwa kama peremende. Mama aliinunua huko.

Alinitazama nikisoma kadi. Akasema, "Nisamehe, mwanangu. Sikujua."

Nilikuwa sijamuuliza alikula nini. Swali alilisikia mwenyewe, kwa sababu amekuwa mama kwa miaka 26 na anajua kila uchunguzi wa mtoto mgonjwa huishia wapi.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa biokemia karo iliponishinda, kwa hiyo niruhusuni nieleze mwili haraka halafu turudi kwenye vitabu. Mimba ni kazi ya homoni. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoufanya mwili wa mama uisikie insulini kidogo kuliko kawaida, ili sukari ibaki kwenye damu na mtoto apate chakula. Kongosho la mama likiongeza insulini ya kutosha, mambo huenda sawa. Likishindwa, sukari hupanda, na hicho ndicho kisukari cha mimba. Sukari ya mama huvuka kwenda kwa mtoto, lakini insulini yake haivuki, hivyo mtoto hutengeneza yake mwenyewe, nyingi, na hunenepa kabla hajaiona dunia.

Upande wa pili ndio wangu. Kotisoli ni homoni ambayo mwili huimwaga wakati wa dhiki. Mama mjamzito huwa nayo nyingi kuliko mtoto, na kondo lina kimeng'enya kinachoipunguza makali kabla haijavuka, kama askari wa geti. Kwa wanyama wa maabara, mama akinyimwa protini, askari huyo hulegea. Kotisoli ikipita kwa wingi, mtoto huzaliwa mdogo na ini lake hujipanga kwa maisha ya shida. Mwaka 1998, huko Edinburgh, daktari kutoka Malawi, Moffat Nyirenda, na wenzake waliwapa panya wajawazito dawa inayoiga homoni hiyo katika theluthi ya mwisho ya mimba. Watoto wa panya hao walipokua, miili yao ilishindwa kuimudu sukari, na maini yao yalibaki na mpangilio uleule waliozaliwa nao. Nyirenda baadaye alikuja kufanya kazi Entebbe, hapo Uganda. Na Uganda hiyohiyo, mwaka 2022, Davis Kibirige na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu wazima wenye kisukari ambao ni wembamba, ambao tatizo lao kubwa ni kongosho lisilotoa insulini ya kutosha. Niliusoma kama mtu aliyekuta jina lake kwenye gazeti la kufungia mandazi.

Wazo lote hili huhusishwa zaidi na Mwingereza David Barker. Mwaka 1989 yeye na wenzake walionyesha kwamba wanaume waliozaliwa Hertfordshire kati ya 1911 na 1930, wakawa na uzito mdogo utotoni, walikufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Miaka mitatu baadaye, pamoja na Nicholas Hales, alitoa maelezo ambayo ningeyaita ya mwili uliofunzwa ubahili: mtoto aliyebanwa tumboni hujiandaa kwa dunia ya njaa, na akikuta chipsi, mwili unachanganyikiwa.

Sasa Richardson. Kitabu chake ni historia ya wazo hili tangu karne ya 19, na sehemu kubwa ya raha yake ni kuona jinsi wanasayansi walivyobadilisha mawazo kuhusu mama. Kuna wakati walisema mama na baba huchangia sawasawa na tumbo ni nyumba ya kupanga tu. Kuna wakati watu waliamini mama akisoma mashairi mtoto atakuwa mshairi. Kuna jaribio la farasi la 1938, la Walton na Hammond: farasi wakubwa wa aina ya Shire walizalishwa na farasi wadogo wa aina ya Shetland, na ndama wa mama mkubwa wakazaliwa wakubwa kuliko wa mama mdogo kwa mbali sana, ingawa mchanganyiko wa damu ulikuwa uleule. Kisha sura ya uzito wa kuzaliwa na rangi huko Marekani, kisha Barker, kisha epijenetiki.

Hoja yake kuu ni ya ufiche. Anasema athari hizi kwa binadamu kwa kawaida ni ndogo, hubadilika kutoka kundi moja la watu hadi jingine, na huonekana baada ya miaka mingi, wakati mambo mengine elfu yameshaingilia. Athari ya namna hiyo ni ngumu kuithibitisha na ni ngumu vilevile kuikanusha, hivyo huwa kama ukuta mweupe mtaani: kila mtu anachora anachotaka. Na kinachochorwa, kizazi baada ya kizazi, ni sura ya mama. Watafiti humtafuta mama kwa sababu ndiye anayekuja kliniki, ndiye mwenye kadi, ndiye anayejaza fomu. Baba hapimwi. Halafu, kwa kuwa baba hapimwi, matokeo yanaonyesha kwamba chanzo ni mama. Sura inayoeleza mzunguko huo nimeisoma mara tatu.

Ni kitabu kizuri. Richardson anaandika kwa subira, hapigi kelele, na hawadharau watu anaowakosoa. Sura ya kwanza na ya tatu ni nzito, mkiziruka hamtapotea. Ila nilipokifunga nilikuwa na hasira ambayo sikuielewa mara moja, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Hasira yenyewe ni hii. Ushauri wa Richardson ni tahadhari: athari ni ndogo, usiharakishe kumlaumu mama. Naukubali. Lakini kitabu chake kinatoka zaidi kwenye maabara na hospitali za Marekani na Ulaya, ambako swali huwa ni kikombe kimoja cha kahawa au msongo wa kazi ya ofisini. Mimi niko na kadi yenye malaria mbili na 2.1. Malaria hukaa ndani ya kondo lenyewe, na kwamba hupunguza uzito wa mtoto si jambo la ufiche. Mtu akiniambia nisiamini sana kwamba tumbo liliniandika, ananiondolea lawama ya mama na papo hapo ananiondolea ushahidi wa mama. Nataka ya kwanza iende. Ya pili nataka ibaki.

Na kuna la vitendo pia. Kisukari cha mimba kinatibika: chakula, kutembea, insulini ikibidi. Matibabu hupunguza watoto wanaozaliwa wakubwa kupita kiasi na hatari za kujifungua. Ni kweli kwamba watoto wa mama waliotibiwa katika jaribio kubwa la Australia walipopimwa wakiwa na miaka minne hadi mitano, unene wao haukutofautiana na wa wale ambao mama zao walipata huduma ya kawaida tu, na hapo tahadhari ya Richardson inasimama. Lakini binamu yangu ana mimba ya miezi sita na kipimo kinamngoja. Siwezi kumpelekea tahadhari peke yake.

Tena hebu tutazame vipimo vyenyewe. Viwango vya sukari ya mimba ambavyo Shirika la Afya Duniani liliviidhinisha mwaka 2013 vilitokana kwa kiasi kikubwa na utafiti mmoja wa 2008: wanawake 25,505, vituo 15, nchi 9. Barbados imo. Thailand imo. Kutoka bara la Afrika hakuna hata kituo kimoja. Binamu yangu atasomwa kwa sarufi ambayo ilitungwa bila yeye kuwepo darasani. Sisemi sarufi ni mbaya. Nasema anayesoma mwili wa mtu kama maandishi ajue maandishi hayo yaliandikwa wapi.

Hapa ndipo nilipopata jibu la hasira yangu, na nililipata kwenye mfano ambao kila mwandishi wa mambo haya lazima autaje: njaa ya Uholanzi ya 1944 na 1945. Majeshi ya Wajerumani yalizuia chakula kuingia miji ya magharibi wakati wa baridi. Watu wakala vitunguu vya maua. Watoto waliokuwa tumboni miezi ile wamefuatiliwa maisha yao yote, na ukubwani miili yao ilishindwa kuimudu sukari vizuri kama ya wenzao. Afrika pia tuna mfano wetu: mwaka 2010 watafiti walichapisha vipimo vya watu wa Enugu, Nigeria, na waliozaliwa wakati wa njaa ya Biafra walikuwa na presha na sukari ya juu kuliko waliozaliwa baada yake.

Sasa niambieni. Kuna mtu yeyote aliyewahi kumuuliza mama wa Amsterdam alikula nini? Kuna aliyemuuliza mama wa Biafra? Hakuna, kwa sababu kila mtu anajua nani alifunga barabara. Njaa ile ina jeshi, ina tarehe, ina jina kwenye vitabu vya historia. Homoni za mama wa Amsterdam husomwa kama ushahidi dhidi ya jeshi. Za mama yangu zinasomwa kama hati ya mashtaka dhidi yake mwenyewe. Kotisoli ni ileile, ni kondo lilelile. Tofauti ni kwamba barabara ya Kebirigo mwaka 1999 haikufungwa na jeshi lolote. Ilifungwa polepole, na vitu vingi, na hakuna aliyeviandika kwenye kadi.

Hapo ndipo kinapoingia kitabu cha pili: Mothers and Wives: Gusii Women of East Africa, cha Sarah LeVine, 1979. LeVine alikuja Gusii katikati ya miaka ya sabini pamoja na mumewe, Robert LeVine, ambaye alikuwa ameshafanya utafiti huku miaka ya hamsini. Yeye aliamua kukaa na wanawake wachache na kuwasikiliza, tena na tena, kwa miezi mingi. Nilikisoma kwenye maktaba moja ya mtandaoni inayoazima kitabu saa moja kwa wakati. Saa ikiisha, ukurasa unafungwa usoni mwako, unaomba tena. Kwa namna hiyo nilikimaliza kwa wiki mbili.

Sikumbuki kuona neno homoni mle ndani. Lakini kila kitu kinachozipandisha kimo. Waume wako mbali kazini, pesa zinakuja au haziji. Shamba linagawanywa na mke ndiye anayepaswa kulitoa chakula. Kuna mama mkwe, kuna mke mwenza, kuna pombe, kuna kipigo, kuna wivu wa jirani. Na katikati ya hayo yote mimba, ambayo haikuwa tukio la kusimamisha kazi. Kenya ya wakati ule mwanamke alikuwa anazaa kwa wastani watoto zaidi ya wanane. Ukimaliza kumsoma mwanamke mmoja wa LeVine, swali la alikula nini linaonekana dogo mno. Unataka kujua nani aliyekula kwanza.

Kina kasoro zake. Wanawake wa Gusii wanasemewa kwa Kiingereza mbele ya wasomaji wa Chicago. Majina yao yamebadilishwa, jambo la haki, lakini matokeo yake ni kwamba wajukuu wao tunawasoma bila kujua ni nyanya zetu. Na kuna mahali mwandishi anatafuta sana yaliyo ndani ya nafsi ya mtu wakati jibu liko wazi nje, shambani. Lakini LeVine ana kitu ambacho Richardson, kwa akili zake zote, hana: anakaa. Richardson anatuonyesha kwa nini sayansi humwangalia mama peke yake. LeVine anageuza kichwa akaangalia alichokuwa akikiangalia mama.

Msidhani lawama hii ni ya wazungu wa maabara tu. Nyanya yangu alikuwa akitueleza kuhusu amasangia. Zamani mwanamke akichelewa kujifungua, wakunga walimbana aungame: umetembea na nani? Uchungu ulisomwa kama kosa lake. Nilipokuwa mdogo niliona ni ushamba. Siku hizi namkumbuka mhudumu wa kliniki, kijana mpole aliyenisaidia kwa nia njema, akiuliza swali lake kwa lugha ya kisasa, na nasikia mlango uleule ukifunguliwa. Nyanya angeielewa kliniki hiyo vizuri sana.

Kwa hiyo ningeshauri hivi. Someni Richardson ili mjue kutilia shaka kila kichwa cha habari kinachoanza na "Mama wajawazito wanao...". Kisha msomeni LeVine ili shaka hiyo isiwaache mikono mitupu. Homoni ni kweli. Zilifika kwangu, na huenda zimechangia 6.4 yangu, pamoja na chipsi za Kisii mjini na kukaa kitako nikiandika matangazo ya watu kwa malipo ya senti. Kiasi gani ni cha nini, hakuna atakayenipimia. Ila nikisoma kilo 2.1, nataka kusoma hadi mwisho wa sentensi, na mama si mwisho wa sentensi.

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani na nikamtafsiria mama kurasa kadhaa za LeVine jioni, tukichambua chinsaga. Alisikiliza kimya. Alicheka mahali ambapo mimi sikuona kichekesho. Mwishowe akauliza, "Na huyo mama aliwauliza pia bei ya mahindi?"

Nikamwambia atueleze yeye. Na akaeleza, mikono ikiendelea na mboga. Kwamba 1999 baba alikuwa Nakuru na alituma pesa mara mbili mwaka mzima. Kwamba kipande cha shamba kilikuwa kimegawanywa mwaka ule na ndugu wa baba na mahindi yalipandwa nusu. Kwamba alikula ugali wa wimbi na mboga, na mayai yalikuwa ya kuuza Jumatano. Kwamba alipougua mara ya pili hakwenda kliniki mpaka siku ya tatu kwa sababu ilikuwa siku ya kupeleka chai. Kwamba alichuma hadi wiki ya mwisho.

Niliandika yote nyuma ya karatasi yangu ya majibu, ile yenye 6.4. Septemba narudi kupimwa na nitaibeba. Nilipomsomea alichosema, alinisahihisha mahali pamoja tu. Nilikuwa nimeandika kwamba alibeba kilo ishirini za chai hadi kituo cha kuuzia akiwa na mimba ya miezi minane. Akasema hapana, andika vizuri: kumi na tano asubuhi, ishirini ilikuwa ya jioni.